Alinunua ploti kwa mshahara wa siku 100: Maisha ya Biddy Mason

Kila mwisho wa mwezi ujumbe ule ule huingia kwenye simu yako. Landilodi anakumbusha kodi. Unatuma pesa, unatazama salio lililobaki, na swali lile lile linakujia: nitaendelea hivi mpaka lini? Kisha Ijumaa inafika, marafiki wanapanga mahali pa kwenda kujibamba, na swali la pili linaingia: nikianza kujinyima leo ili siku moja nami niwe na nyumba za kupangisha, raha nitaionja lini?

Hayo ni maswali mawili yanayopigana ndani ya kichwa kimoja. Kabla hujayajibu, wacha nikusimulie habari za mama mmoja aliyefariki zamani sana, mwaka wa 1891, katika mji wa Los Angeles, Marekani. Hakujua kusoma wala kuandika. Nusu ya maisha yake alikuwa mali ya mtu mwingine, kama ng'ombe au jembe. Lakini alipokufa, alikuwa miongoni mwa watu weusi wenye mali nyingi zaidi mjini humo, na chanzo kikubwa cha mali hiyo kilikuwa ploti na kodi ya wapangaji.

Jina lake ni Bridget, ila watu wote walimwita Biddy. Biddy Mason.

Kutembea nyuma ya magari

Biddy alizaliwa mwaka wa 1818 kusini mwa Marekani, enzi ambapo mtoto wa mtumwa alikuwa mtumwa tangu siku ya kwanza. Hakupelekwa shule. Alichojifunza alikipata kwa wanawake wakubwa waliokuwa watumwa kama yeye: kuuguza wagonjwa, kutumia mitishamba, na kuzalisha akina mama. Kumbuka ujuzi huo, kwa sababu ndio uliokuja kumjenga.

Akiwa jimbo la Mississippi alimilikiwa na mtu aliyeitwa Robert Smith. Smith alijiunga na dini ya Wamormoni, na mwaka wa 1848 akaamua kuhamia magharibi, katika eneo la Utah, pamoja na familia yake na watumwa wake. Mizigo ilipanda kwenye magari ya kukokotwa na wanyama. Biddy alitembea nyuma yake, akichunga mifugo. Safari yenyewe ilikuwa ya takriban kilomita 2,700. Piga picha ya kutoka Mombasa hadi Kisumu kwa miguu, urudi, kisha uende tena. Njiani alipika, aliuguza, alizalisha wanawake, na wakati huo huo alikuwa akiwalea binti zake watatu, Ellen, Ann na Harriet. Mdogo wao alikuwa bado mtoto mchanga.

Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1851, Smith alihama tena. Safari hii alikwenda San Bernardino, jimbo la California. Hapo ndipo alipojikwaa. Katiba ya California ilikuwa imepiga marufuku utumwa. Kwa sheria, Biddy alikuwa na haki ya kuwa huru. Kwa vitendo, Smith aliendelea kumtumikisha kwa miaka mingine minne na zaidi.

Hebu tulia hapo kidogo. Haki yako inaweza kuwa imeandikwa kwenye karatasi fulani, mahali fulani, na bado ikakupita. Biddy hakuja kulisahau somo hilo maisha yake yote.

Siku ya korti

Mwishoni mwa mwaka wa 1855 Smith alihofia kuwapoteza watumwa wake, akapanga kuhamia Texas, jimbo ambalo utumwa ulikuwa halali. Biddy na wenzake walikuwa na marafiki. Mmoja wao alikuwa Robert Owens, mtu mweusi huru aliyekuwa na biashara ya farasi mjini Los Angeles. Mwanawe, Charles, alikuwa amempenda Ellen, binti mkubwa wa Biddy. Habari za safari ya Texas zilipowafikia, walipeleka taarifa kwa wenye mamlaka, na msafara ukasimamishwa.

Kesi ilisikizwa Januari 1856 mbele ya Jaji Benjamin Hayes. Sheria za California wakati huo hazikumruhusu mtu mweusi kutoa ushahidi kortini dhidi ya mzungu. Wakili aliyekuwa upande wa Biddy alilipwa pesa ili ajiondoe, naye akajiondoa. Mambo yalionekana kuharibika. Jaji akafanya jambo ambalo halikutarajiwa: alimwita Biddy katika chumba chake cha faragha na kumsikiliza huko. Biddy alieleza kwamba hakutaka kwenda Texas. Jaji Hayes akaamua kwamba yeye, binti zake na wengine waliokuwa pamoja naye, jumla watu 14, walikuwa huru na wangebaki huru.

Biddy alikuwa na umri wa miaka 37. Hakuwa na nyumba, hakuwa na shamba, hakuwa na hata senti. Alikuwa na watoto watatu, ujuzi wa ukunga, na karatasi ya korti. Karatasi hiyo aliihifadhi kama dhahabu. Inasimuliwa kwamba aliitia ndani ya mkoba wake mweusi wa vifaa vya ukunga na kutembea nayo kila alikoenda.

Dola mbili na nusu kwa siku

Familia ya Owens iliwapokea nyumbani kwao mjini Los Angeles. Ellen na Charles wakaoana. Biddy naye akatafuta kazi, akaipata kwa daktari aliyeitwa John Griffin, ambaye alimwajiri kama muuguzi na mkunga. Malipo yalikuwa dola 2.50 kwa siku.

Kwa mwanamke mweusi wa wakati huo, hayo yalikuwa malipo mazuri. Lakini usifikiri ilikuwa kazi ya kukaa ofisini. Mkunga huitwa usiku wa manane, mvua ikinyesha. Alizalisha mamia ya watoto, wa matajiri na wa maskini, wazungu, Wamexico, Wahindi wekundu na weusi. Ugonjwa wa ndui ulipoingia mjini, yeye alikuwa miongoni mwa walioingia kwenye nyumba za wagonjwa wakati wengine wakikimbia. Alijifunza Kihispania akakizungumza vizuri, kwa kuwa nusu ya mji ilizungumza lugha hiyo. Inasimuliwa pia kwamba alikuwa akialikwa kula nyumbani kwa Pío Pico, gavana wa mwisho wa California chini ya utawala wa Mexico.

Kwa hivyo usimchore kichwani kama mama aliyejifungia ndani akihesabu sarafu. Alijulikana na watu, aliheshimiwa, alikaribishwa. Ila kila siku ya malipo kuna kitu alikuwa akikiweka kando.

Aliweka kwa miaka kumi.

Ploti iliyokuwa mbali na mji

Tarehe 28 Novemba 1866, Biddy Mason alinunua ardhi katika barabara ya Spring, kati ya barabara ya tatu na ya nne. Alilipa dola 250. Alikuwa na umri wa miaka 48, na alikuwa mmoja wa wanawake weusi wa kwanza kumiliki ardhi mjini Los Angeles kwa jina lao wenyewe.

Sasa toa kalamu tupige hesabu. Dola 250 ukizigawanya kwa dola 2.50 unapata 100. Ploti ile ilikuwa na thamani ya mshahara wa siku 100. Basi kwa nini ilimchukua miaka kumi?

Kwa sababu pesa haikai mfukoni ikikungoja. Kulikuwa na binti za kulisha na kuvisha. Kulikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Kulikuwa na majirani wenye shida. Hesabu ya siku 100 ni ya karatasi. Miaka kumi ndiyo hesabu ya maisha. Ukiona watu wakikuambia kwenye mitandao kwamba unaweza kuwa landilodi kwa miezi sita, mkumbuke mkunga huyu.

Na mahali penyewe? Hapakuwa na mvuto wowote. Los Angeles ya wakati huo ilikuwa mji mdogo wa vumbi. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1870 ilipata watu 5,728 tu. Ploti ya Biddy ilikuwa pembezoni, kando ya mashamba ya mboga na mizabibu. Ni sawa na mtu aliyenunua ploti Kitengela au Juja zamani zile wakati wenzake wa mjini walikuwa wakimcheka na kumuuliza kama atakuwa jirani na fisi.

Lakini yeye aliijua ardhi ile. Mtu anayetembea usiku na mchana kwenda kuzalisha huujua mji kuliko wenye magari. Hujua ni upande upi nyumba mpya zinajengwa, nani amehamia wapi, barabara ipi ina watu zaidi kuliko mwaka jana. Sidhani kama kuna utafiti wa soko unaoushinda huo.

Miaka 18 ya kulipa kodi akiwa na ploti

Hapa ndipo hadithi inapoachana na tulivyozoea.

Ungefanyaje wewe? Wengi wetu, tukipata ploti, haraka haraka tungejenga keja yetu, tupige picha, tuwaalike watu, tuhamie. Baadaye tungegundua kwamba pesa zote zimezikwa ndani ya kuta, na hakuna kinachoingia.

Biddy hakuhamia. Aliitumia ile ardhi kwa bustani, akaweka nyumba ndogo za mbao, akazipangisha. Yeye mwenyewe akaendelea kuishi kwenye nyumba ya kukodi mahali pengine mjini. Mwaka ukapita, wa pili, wa tano, wa kumi. Mwenye ploti alikuwa bado mpangaji. Alikuwa bado mkunga. Kodi iliyoingia ilijumlishwa na mshahara, na ilipofaa akanunua ardhi nyingine.

Si kwamba alijitesa. Angalia vizuri mpangilio wake. Mshahara ulilisha familia. Kodi ya wapangaji ilikuwa ya kukuza mali, na sehemu yake ilikuwa ya kuwafurahisha wengine na kumfurahisha yeye mwenyewe. Ardhi yenyewe haikuguswa. Aliwausia watoto wake kwamba ile ploti ya kwanza ni ya familia, waishike wasiiachie.

Mwaka wa 1872, akiwa bado hajajijengea nyumba, yeye na Charles Owens, mkwe wake, walikuwa miongoni mwa walioanzisha kanisa la kwanza la waumini weusi wa madhehebu ya AME mjini humo. Mikutano ya mwanzo ilifanyika nyumbani kwake. Kanisa lilipokuwa changa na halina pesa, yeye ndiye aliyelipa ushuru wa ardhi na malipo ya mhubiri. Huo mzigo angeuweza vipi kwa dola 2.50 za kila siku peke yake?

Ikiwa kuna kitu kimoja ningependa ushike katika maisha ya mama huyu, ni hicho: zawadi zilitoka kwenye kodi, hazikutoka kwenye ploti. Alikula matunda, mti akauacha umesimama.

Treni ilipofika

Mwaka wa 1876 reli ya Southern Pacific iliunganisha Los Angeles na sehemu nyingine za Marekani. Katika miaka ya 1880 reli nyingine ikaja, nauli zikashuka, na watu wakamiminika. Mji uliokuwa na watu 11,183 mwaka wa 1880 ulikuwa na zaidi ya 50,000 mwaka wa 1890. Maduka, benki na ofisi zikaanza kusogea kuelekea kusini, kufuata barabara ya Spring. Ile ploti ya mashambani ikajikuta katikati ya mji.

Wewe uliyeona Ruiru na Juja kabla na baada ya barabara kuu ya Thika kupanuliwa unaelewa nasema nini.

Tuwe wakweli: hapo kuna bahati. Biddy hakuileta treni. Angeweza kununua ploti upande mwingine wa mji na leo tusimjue. Lakini bahati hukutana na mtu aliyebaki akingoja. Kwa miaka 18 lazima zilikuwepo siku ngumu ambazo kuuza kungekuwa rahisi: mtoto mgonjwa, mpangaji asiyelipa, mnunuzi mwenye pesa mkononi. Kama angeuza mwaka wa 1870, treni ingefika na kumkuta akiwa mpangaji tu.

Mwaka wa 1884, akiwa na miaka zaidi ya 65, aliuza kipande cha ile ardhi. Alipata dola 1,500. Yaani kipande kimoja tu kililipa bei ya ardhi yote mara sita, na bado sehemu nyingine ilibaki mikononi mwake.

Unajua alifanyia nini pesa hizo? Hakuzitumia kwa karamu. Alijenga jengo la ghorofa kwenye sehemu iliyobaki. Chini palikuwa na vyumba vya biashara vya kukodisha. Juu palikuwa pake.

Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, miaka 28 baada ya kuachiliwa na korti na miaka 18 baada ya kununua ardhi, Biddy Mason alipohamia kwenye nyumba yake mwenyewe, juu ya ardhi yake mwenyewe. Chini ya miguu yake, wapangaji wake walikuwa wakifungua maduka kila asubuhi.

Sijui kama kuna raha inayozidi hiyo. Mama aliyetembea kilomita 2,700 nyuma ya gari la bwana wake, sasa anaamka, anafungua dirisha, na kelele za biashara huko chini ni kodi inayokuja.

Foleni mlangoni

Mwaka uliofuata aliwamegea wajukuu zake wa kiume sehemu ya ardhi ili waanzishe biashara yao ya farasi. Kwa karatasi iliuzwa, lakini bei ilikuwa dola 10 tu na mapenzi ya bibi. Kwa kuwa hakujua kuandika, alitia alama yake badala ya sahihi. Mtoto wa mtumwa aliyetia alama kwenye hati za ardhi akiwa muuzaji, si akiwa bidhaa!

Mafuriko yalipoufikia mji huo katika miaka ya 1880, familia nyingi zilipoteza makao. Biddy alikwenda kwenye duka la vyakula lililokuwa karibu na kwake na kuagiza kwamba familia zilizoathirika zichukue chakula wanachohitaji, deni lote aandikiwe yeye. Hakuuliza wao ni rangi gani. Aliwatembelea wafungwa gerezani akiwa na chakula. Watu waliokwama, wanaotafuta kazi, wanaotafuta pa kulala, walijua mlango wa barabara ya Spring. Foleni zilikuwa zikipangwa hapo. Alipozeeka na nguvu kumwishia, mjukuu wake ndiye aliyelazimika kushuka asubuhi na kuwaomba watu waondoke. Wengi walimwita Bibi Mason.

Wengine watasema aliwapa watu mali yake. Mimi naona tofauti. Aliwapa matumizi ya mali yake, mwezi baada ya mwezi, kwa sababu mali yenyewe ilikuwa imekaa mahali salama ikizaa. Mtu anayetoa mtaji wake hutoa mara moja, siku ya pili naye yumo kwenye foleni. Bibi Mason alikuwa na cha kutoa mpaka mwisho.

Alifariki tarehe 15 Januari 1891, akiwa na miaka 72. Mali yake hukadiriwa kuwa ilifika dola 300,000, pesa nyingi mno kwa wakati huo. Mjukuu wake, Robert Curry Owens, aliiendeleza, na mwanzoni mwa karne ya 20 akahesabiwa miongoni mwa watu weusi matajiri zaidi mjini Los Angeles.

Kaburi lisilo na jina

Lakini kuna sehemu moja ya kusikitisha. Bibi Mason alizikwa katika makaburi ya Evergreen, na kaburi lake likakaa bila jiwe lenye jina kwa karibu miaka 100. Barabara ya Spring ikawa mtaa wa mabenki. Jengo lake likabomolewa. Watu walipita juu ya ile ploti ya dola 250 wakiwa na haraka zao, bila kujua waliikanyaga historia ya nani.

Mwaka wa 1988 ndipo jiwe la kaburi lilipowekwa, meya wa Los Angeles wakati huo, Tom Bradley, akihudhuria. Mwaka wa 1989 ukuta wa ukumbusho ukazinduliwa pale pale ilipokuwa ardhi yake, unaosimulia maisha yake mwongo baada ya mwongo. Ukifika Los Angeles siku moja, ukuta huo upo, na kuutazama hakulipishwi.

Kanisa aliloanzisha nalo lipo hadi leo.

Turudi kwenye simu yako

Najua unachofikiria. Ploti ya mshahara wa siku 100 katika Nairobi ya leo iko wapi? Ni kweli, haipo. Bei za leo si za mwaka wa 1866, na mimi sikuahidi kwamba utarudia alichofanya. Pia si lazima iwe nyumba za kupangisha. Yapo mambo ambayo hayakutegemea bei, hayakutegemea treni, na ambayo hasla yeyote wa mtaani anaweza kuyaiga bila kungoja pesa nyingi.

La kwanza, ujuzi ulitangulia ploti. Biddy hakuanza na ardhi. Alianza na kazi ambayo watu wangemwita usiku wa manane kuifanya. Kama bado huna kitu ambacho watu wanakupigia simu kwa ajili yake, tafuta hicho kwanza.

La pili, karatasi. Mama asiyejua kusoma alitembea na cheti chake cha uhuru mkobani, na kila mita ya ardhi yake iliandikwa kisheria. Wewe unajua kusoma, na bado kila siku tunasikia vijana walionunua ploti moja watu watatu, au waliotuma pesa kwa mtu waliyemwona mtandaoni. Kabla ya kulipa, nenda ukafanye upekuzi kwenye ofisi ya usajili wa ardhi, hakikisha hatimiliki ni ya kweli na aliye mbele yako ndiye mwenyewe. Ukishindwa kuelewa, lipa wakili. Ni ghali, ila si kama kupoteza ploti.

La tatu, mpangilio. Jiulize nyumba ya kwanza utakayojenga itakulipa wewe au wewe ndiye utakayeilipa. Biddy alivumilia kuwa mpangaji kwa miaka 18 akiwa tayari ni landilodi. Pengine wewe utavumilia miaka mitatu. Pengine utaanza na chumba kimoja cha mabati ushago, cha kumpangishia mwalimu wa shule ya karibu. Hakuna aibu hapo.

La nne, na ndilo linalojibu lile swali la Ijumaa. Raha si adui wa mali. Biddy alikula vizuri mezani kwa gavana, alisaidia kanisa lake, alilisha waliokumbwa na mafuriko, alizeeka kwenye ghorofa yake. Alichokataa ni kuila mbegu. Kwa hivyo toka na marafiki zako, ukiweza. Ila kwanza, kabla ujumbe wa Ijumaa haujaingia, weka kando cha kuweka. Kiwe kidogo, lakini kiwe cha kila malipo, na usikiguse.

Na la mwisho, ukishakuwa landilodi. Siku hiyo itakapofika, nawe utakuwa ndiye unayetuma ule ujumbe wa mwisho wa mwezi. Kumbuka jinsi ulivyokuwa ukihisi ulipoupokea. Biddy Mason alijua maana ya kutokuwa na pa kulala, na ndiyo sababu mlango wake ulikuwa na foleni. Wapo malandilodi ambao wapangaji huwakimbia. Huyu, watu walipanga mstari kumwona.